Hedifoni Alizomchagulia Zuhura

Mmeniomba, ninyi vijana wa studio, kabla hamjaharibu masikio yenu, niwaandikie jinsi ya kuchagua hedifoni za kuchomeka masikioni. Mnasema hakuna mtu msumbufu kwa hedifoni kama mimi, na hapo hamjanisingizia. Nimenasa na kuhariri sauti katika redio yetu hapa Tabora tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka nimekuwa bibi wa wajukuu, na hakuna kitu kilichokaa karibu na mimi kuliko hedifoni, hata mume wangu analijua hilo. Nitaandika. Ila siwezi kusimulia habari za hedifoni bila kumtaja Zuhura, na Zuhura siwezi kumtaja bila wivu kunipanda kooni. Mtanivumilia. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa sababu vya kugusa havikuwapo.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Maganga, fundi mkuu wa mitambo, mtu wa Usoke aliyekuwa na mabega ya mkulima wa tumbaku na vidole laini vya mshonaji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na hapo hapo akanivisha hedifoni kubwa zilizofunika masikio yote mawili na nusu ya mashavu. Sponji zake zilikuwa zimekwisha, mtu alikuwa amezizungushia vipande vya kanga na kuvishona kwa uzi mweusi. Akawasha kaseti.

"Unasikia nini?"

"Mtu anaongea, Mzee."

"Na nini tena?"

"Basi."

"Sikiliza tena."

Nikasikiliza. Nyuma ya yule mtu nikasikia feni. Halafu nikasikia kiti kikilia. Halafu huko nje kabisa, mbali, mtu anapasua kuni. Nilipomtajia Mzee Maganga vitu hivyo kimoja kimoja, akasema, "Haya." Mnapaswa kuijua hiyo haya. Kwake ilikuwa sifa, na karipio, na ruhusa, na kwaheri, na ilikuwa juu yako kujua leo umepewa ipi. Siku ile niliamini nimepewa sifa, nikarudi nyumbani Kitete nikitembea kama niliyeokota kitu barabarani.

Nilitaka kazi ile, na zaidi ya kazi nilitaka masikio ya mzee yule. Utaratibu wake ulikuwa mmoja tu. Hakuna kipindi kilichokwenda hewani kabla hajakisikiliza yeye. Unamaliza kuhariri, unapeleka kaseti chumbani kwake, anavaa hedifoni, anafumba macho, anasikiliza. Wewe unasubiri. Mwaka wa kwanza alisikiliza kila nilichotengeneza, akanirudisha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kila aliponirudisha nilijifunza kitu. Mkiniuliza miaka yangu mizuri kazini ni ipi, nitawatajia ule mwaka wa kurudishwa.

Kisha akaja Zuhura. Mzaramo wa Kisarawe, ameletwa huku na mumewe aliyekuwa mtu wa reli. Mnajua wenyewe Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kupitia kwao. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kitu chako mbele za watu, na kukuharibia hata msiba, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Na huyu mpagazi anafanya nini humu ndani? Mzigo wake uko wapi?"

"Nakusubiri wewe, Mzaramo," nikamwambia. "Nimeambiwa hamuwezi kunyanyua hata ungo mpaka mpigiwe ngoma."

Ofisi nzima ikacheka, Mzee Maganga naye akacheka, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Mgeni wa asubuhi moja alikuwa amemchekesha. Nilianza kumwonea wivu kabla ya chai ya saa nne.

Haukupita muda Mzee akaamuru kiti cha Zuhura kiwekwe chumbani kwake. Mimi nilibaki chumba cha uhariri, na kati yetu kulikuwa na kile kioo kizito ambacho ninyi mmekiondoa mkaweka bango. Kioo kile hakikupitisha hata chembe ya sauti. Mzee alikaa akinipa mgongo, Zuhura alikaa akimwelekea yeye. Kwa hiyo kwa miaka mingi niliona kisogo cha Mzee Maganga, niliona mikono yake ikipanda masikioni na kushuka, na mbele yake niliona uso wa Zuhura. Kazi yake ilipokuwa inasikilizwa Zuhura alikuwa anainamisha kichwa chini. Mimi niliona madaha, bibi harusi anayejua anatazamwa.

Sasa nifike kwenye hedifoni za kuchomeka, maana ndizo mlizoniuliza. Zilipoanza kuuzwa madukani hapa mjini, wengi wetu tulizidharau. Tulisema vitu vidogo kama kokwa la ubuyu haviwezi kutoa sauti ya maana. Mzee Maganga ndiye aliyesema tujaribu, kwa sababu zile kubwa zilikuwa zinatuchosha. Mkitaka kujua uchovu wenyewe, kavaeni kofia ya sufu mwezi wa kumi wa Tabora, mchana, mkiwa mmefunga madirisha. Jasho lilichuruzika mpaka kwenye kola. Ofisi ikakubali tuchukue mpya, na Mzee akatuongoza sisi wawili mpaka dukani, jirani na soko.

Nataka mwione siku ile kama nilivyoiona mimi. Mzee Maganga alimkalisha Zuhura kwenye kigoda cha dukani. Akamgeuza kichwa kuelekea kwenye mwanga, akachungulia sikio la kushoto, akachungulia la kulia. Akatoa vipira vyote kwenye pakiti, vile vya mpira laini vinavyovaa ncha ya hedifoni, akavifikicha kimoja kimoja kwa vidole. Akamchomekea kimoja, akakitoa, akamchomekea kingine. "Hiki kinauma? Na hiki? Zungumza. Tafuna." Alitembea na karanga mfukoni siku zote, akampa Zuhura karanga atafune ili aone kama hedifoni itachomoka taya likicheza. Haikuchomoka. Zuhura, kama hamjui, ana masikio ambayo watengenezaji wa hedifoni huyapima kabla hawajaanza kazi. Kila kipira kilimkaa. Alikuwa anajaribu kwa kujifurahisha tu.

Mimi nilisimama kando nikisubiri zamu yangu ya kigoda. Mzee alipomaliza, alinigeukia akasema, "Wewe Kalunde, chagua zako mwenyewe." Akatoka nje kumnunulia Zuhura maji.

Nilichagua mwenyewe. Nilichagua mpaka muuzaji akaniletea kiti bila kuombwa, kisha akaniacha akaenda kuswali, akarudi akanikuta palepale. Na hayo niliyojifunza pale kwa hasira ndiyo haya ninayowapa.

Anzeni na sikio, sanduku la hedifoni litafuata. Tundu la kulia na la kushoto si lazima yalingane. Langu la kulia ni jembamba, la kushoto ni pana, na hakuna sheria inayokataza kuvaa kipira kidogo kulia na cha kati kushoto. Wengi wenu mnavaa vile vilivyokuja vimeshavalishwa, halafu mnalalamika sauti haina besi. Besi ipo, inavuja. Kipira kisipoziba, sauti nzito hutoka nje yote na kukuachia zile nyembamba zinazokwaruza, nawe unamlaani mtengenezaji wa watu. Vuta sikio lako juu kidogo na nyuma kwa mkono mwingine, chomeka, achia. Kisha ongea. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito ndani ya kichwa, kipira kimeziba. Ukijisikia kama kawaida, badilisha kipira.

Msijaribu hedifoni kwa wimbo wa muuzaji. Ule ameuchagua yeye, na kila kitu kinapendeza ndani yake. Nendeni na sauti mnayoijua. Mimi nilikuwa na rekodi ya mama yangu akigombana na mbuzi, na naijua mpaka pumzi. Mama alikuwa na sauti nzito kwa mwanamke, nikaona hedifoni za kwanza zinamfanya mtoto, nikazirudisha. Za pili zilimfanya aongee kama yumo kisimani. Halafu kuna herufi s. Mama aliposema "sasa hivi", kuna hedifoni zilichoma sikio kama sindano kwenye kila s, na hizo hata ziwe na rangi ya dhahabu ziacheni. Nilichukua zile ambazo mama alikuwa mama na mbuzi alikuwa mbuzi.

Kisha zivaeni kwa muda wa kuivisha maharage. Hedifoni ya kuuma haiumi dukani, inauma baadaye, na mtu anayeumia sikio huanza kuharakisha kazi ili avue. Nimeona vipindi vizuri vilivyoharibika dakika za mwisho, na sababu ilikuwa sikio la mhariri kuwasha. Pitisheni waya nyuma ya sikio, usisugue nguo na kuwaletea mikwaruzo ambayo hamtajua imetoka wapi. Mkijikuta mnaongeza sauti kila mara, vueni mchomeke upya, maana inavuja tena. Na vipira vioshwe kwa sabuni. Hilo la kuazimana sitaki hata kulizungumzia, mnajua ninavyokasirika.

Basi. Zuhura alitoka na hedifoni alizochaguliwa, mimi nikatoka na nilizojichagulia. Zangu zilikuwa nzuri zaidi, nalisema hili bila aibu. Na ningezibadilisha na zake hapo hapo mlangoni, ili na mimi Mzee anichungulie masikio.

Haukupita muda tukaletewa kazi ya Choma, kijiji cha wafugaji. Kulikuwa na mfugaji mmoja huko, Mzee Masanja, aliyekuwa akiwaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya chini ya kuvuma tu, na ng'ombe aliyeitwa anakuja. Wenzetu wawili walikwishakwenda wakarudi na kelele. Mzee Maganga akanituma mimi. Nilifika, nikamwamkia mwenyeji, nikachomeka zile hedifoni zangu, na hapo ndipo nilipojua wenzangu walirudi na nini. Upepo wa mbuga ile una ngurumo ya chini sana ambayo hedifoni kubwa hazikutusikilizisha kamwe, na ngurumo hiyo ilikaa palepale ilipokaa sauti ya mzee. Kinasa sauti kinaibeba, wewe huisikii, unarudi mjini umebeba upepo.

Nilimhamisha Mzee Masanja nyuma ya lundo la mabua. Bado. Nikafunga kanga yangu kwenye miti miwili upande wa upepo. Bado kidogo. Nikamwomba achuchumae. Nikamwomba aanze tena, na tena. Ng'ombe wale wale walikuja, wakarudi, wakaja, mwishowe mmoja akalala chini.

"Binti," Mzee Masanja akaniambia, "ng'ombe wamenisikia mara ya kwanza. Wewe tu ndiye hunisikii."

"Samahani, baba. Mara hii ya mwisho."

"Ulisema hivyo jua likiwa pale."

Nilimpata. Nilirudi Tabora nikiwa na sauti ya mzee yule peke yake, safi, na kwato za ng'ombe zikikanyaga majani makavu kumkaribia. Nikahariri kwa siku kadhaa, nikapeleka chumbani, nikarudi kwenye kioo changu kusubiri. Niliona mikono ya Mzee Maganga ikipanda masikioni. Niliona kisogo chake kimetulia. Kikatulia mno. Kipindi kilikuwa cha nusu saa, na nusu saa ilipokwisha mikono haikushuka. Nikaanza kuhesabu makosa yangu yote, yaliyokuwapo na yasiyokuwapo. Mwishowe alivua, akafungua mlango, akanitazama, akasema, "Haya."

Na baada ya siku ile Mzee Maganga hakusikiliza tena kazi yangu.

Sizungumzii kusikiliza kidogo. Ilikuwa hivi: kipindi cha Zuhura kikiingia, mikono inapanda. Kipindi cha mtu mwingine yeyote kikiingia, mikono inapanda. Changu kikiingia, Mzee anavua hedifoni, anaziacha zining'inie shingoni, anajinyoosha, anaanza kutafuna karanga. Kisha anakipeleka hewani. Niliona kwa macho yangu kupitia kile kioo. Nilisema labda siku hiyo alichoka. Nikasema labda vipindi vya wakulima na wafugaji vimemchosha, mtu mwenyewe ametoka kwenye tumbaku. Nikakirudia kile cha Choma mara nyingi nikitafuta nilichomkosea, sikukiona.

Nikajitahidi zaidi. Nilisafisha kazi zangu mpaka nikaanza kusikia nzi waliotua. Hakuna. Siku moja nikapata ujasiri nikagonga mlango.

"Mzee, samahani. Kipindi changu cha leo hujakisikiliza."

"Peleka," akasema.

"Lakini hujasikiliza."

"Nimesema peleka, Kalunde."

Na Zuhura amekaa pale kwenye kiti chake, amekodolea kidole gumba chake cha mguu. Niliufunga mlango taratibu sana, kwa sababu ningeufunga nilivyotaka, kioo kingevunjika.

Mniulize kama sikumwambia mtu. Nilimwambia Zuhura mwenyewe. Tulikuwa tunakunywa chai, ofisi nzima ipo, nikaweka kikombe chini nikamwambia, "Zuhura, mimi nakuonea wivu. Nakuonea wivu kweli kweli, mpaka silali vizuri." Watu wakaangua kicheko. Zuhura akanipigia vigelegele, akasema mpagazi leo kautua mzigo. Hiyo ndiyo taabu ya kuwa na mtani kazini. Huwezi kumwambia neno la kweli, linageuka mchezo kabla halijamfikia. Ninyi mnaogombana na kununiana hamjui mlivyobarikiwa.

Mzee Maganga alistaafu akarudi Usoke kulima. Kiti chake hakikurithiwa na mtu. Kompyuta zikaja, kila mtu akawa anasikiliza kazi yake mwenyewe na kuituma, utaratibu wa sikio la pili ukafa, na ndiyo maana siku hizi mnapeleka hewani watu wanaoongea na feni. Siku ya kumuaga aliniambia "haya" ile ile. Zuhura alimshika mkono muda mrefu wakiongea jambo, na mimi nilikuwa mbali, nikiwa nimeshika sahani ya pilau.

Zuhura alistaafu mwaka huu, miezi michache kabla yangu. Alikuwa anafunga mizigo arudi pwani tulipopata habari kwamba Mzee Maganga amefariki. Tulipanda treni pamoja kwenda Usoke, nilikuwa nimekaa dirishani na yeye amekaa jirani yangu, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakunitania njia nzima. Nililia zaidi yake. Naona aibu kusema kwamba nililiangalia hilo.

Mzee alikuwa Mmoravian. Kwaya iliimba vizuri, mchungaji alihubiri kwa ufupi, tukazika. Tuliporudi nyumbani kwa marehemu, wanawake tukiwa tumekaa kwenye mikeka, mlango ukafunguliwa na Mzee Maganga akatoka. Alikuwa Zuhura. Amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, na masikioni amechomeka hedifoni za marehemu, waya unaning'inia mpaka magotini bila kuunganishwa na kitu. Anatembea kwa mabega. Mjane wa Mzee, Mama Neema, alishika mdomo, kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta. Wazee wa Kinyamwezi wakaanza kupiga makofi. Mtani alikuwa kazini, na kazi yake msibani ndiyo hiyo. Hata hapo nilimwonea wivu. Mimi Mnyamwezi mwenzake marehemu sikuwa na ruhusa ya kufanya lolote zaidi ya kulia.

Alikaa kwenye kigoda, akakohoa kikohozi cha Mzee.

"Leteni kazi! Hii ya nani? Ya Zuhura?" Akasukuma hedifoni ndani kwa vidole viwili, kushoto, kulia, akafumba macho, akakunja uso kama anayemeza dawa. "Zuhura, hapa umemeza neno. Rudia. Zuhura, hapa nasikia mlango. Rudia. Zuhura, mgeni wako anapumua kama punda. Rudia." Watu walikuwa hawajiwezi kwa kicheko. "Haya, na hii? Ya Kalunde?"

Akavua hedifoni. Akaziacha shingoni, akajinyoosha, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatafuna karanga za hewa.

"Hii peleka," akasema kwa sauti ya Mzee Maganga. "Huyu sina cha kumsikilizia. Tangu ng'ombe wa Choma huyu hahitaji masikio yangu. Kaa hapo, Zuhura, uige kwake, acha kukodoa kidole."

Watu wakacheka tena. Wakageuka kunitazama, wakitegemea nami nicheke, au nimjibu mtani wangu. Nilijifunika uso kwa kanga. Wakafikiri nalia msiba.

Zuhura alikataa kuvua hedifoni mpaka Wanyamwezi tulipomkomboa marehemu kwa kuku. Akapewa jogoo, akarudisha hedifoni mikononi mwa Mama Neema kwa magoti, akavua koti na kofia, na hapo ndipo akalia yeye, kwa sauti, akashikwa na wanawake wawili.

Alasiri tulikaa stesheni ya Usoke kusubiri treni, yeye na mimi na jogoo aliyefungwa miguu. Treni ilichelewa, kama ilivyo ada yake.

"Zuhura," nikamwambia, "yale maneno Mzee aliyasema kweli, au ulikuwa unatania?"

"Mtani haulizwi."

"Leo nakuuliza."

Alimweka jogoo vizuri mapajani. "Aliyasema. Kila kazi yako ilipoingia. Mpaka nikawa nayajua kabla hajafungua mdomo."

"Miaka yote hiyo hukuniambia?"

"Nikuambie mimi? Usifiwe wewe, nisikie mimi, halafu nizibebe sifa zako nikuletee? Mpagazi ni nani kati yetu?" Kisha akaacha utani, nikauona uso wake ukibadilika. "Hujui nilikuwa nakaa wapi, Kalunde. Kila siku anachomeka hedifoni kutafuta makosa yangu, na mimi nipo mbele yake namtazama anavyoyapata. Nilikuwa nashindwa kuinua kichwa. Yako ikija, anavua. Hata pale dukani alinichagulia yeye, kama mtoto anayejaribishwa viatu. Wewe akakuambia chagua mwenyewe. Nilikuchukia siku ile. Nilikuona umekaa pale unajichagulia kwa raha zako."

Kwa raha zangu. Nilitaka kucheka, sikuweza.

Najua mnategemea niseme kwamba hapo nilipona, kwamba mzigo ulinitoka. Haukunitoka. Nilimtazama Zuhura na nikamwonea wivu mpya, mkali kuliko ule wa zamani. Mema yote aliyoyasema Mzee juu yangu yaliingia masikioni mwake yeye. Mimi sina hata moja nililolisikia kwa sauti ya mwenyewe.

"Alikuamini," Zuhura akasema. "Mimi hakuniamini hata siku moja."

"Lakini wewe alikusikiliza," nikasema. "Kila siku. Mpaka mwisho. Mimi nilitaka anisikilize tu."

Alimpapasa jogoo mgongoni. Kisha akasema, "Ile ya ng'ombe alikusikiliza."

"Sikumwona. Niliona kisogo."

"Mimi nilimwona."

Nilishindwa kumwangalia. Nikamwuliza uso wa Mzee ulikuwaje.

"Alifumba macho kama kawaida yake," Zuhura akasema. "Halafu akayafumbua, akawa anatazama chini mlangoni, kama kuna kitu kinaingia kinamjia. Akasogeza miguu kukipisha. Kipindi kikaisha, kaseti ikasimama, na yeye hakuvua. Alikaa nazo masikioni, hakuna kinacholia humo ndani, na anatabasamu."

Honi ya treni ikasikika mbali upande wa magharibi. Zuhura akainuka na jogoo wake, nami nikamshika gauni nikamkalisha.

"Rudia," nikamwambia. "Polepole."